Binti Aliyebalehe na Nyumba ya Nyanya: Mjadala wa Malezi Migori na Homa Bay

Msichana anayelelewa na nyanya yake si jambo geni katika miji midogo ya kaunti za Migori na Homa Bay, iwe Awendo, Rongo, Oyugis, Ndhiwa, Mbita au Sori. Wengine wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Wengine wana wazazi walio hai, ila wako Nairobi, Mombasa au nchi za Ghuba wakitafuta riziki. Wapo pia waliozaliwa mama zao wakiwa wanafunzi. Mama akaja kuolewa kwingine na mtoto akabaki pale alipozaliwa. Nyanya naye huenda ni mkulima wa mahindi na njugu, mchuuzi wa omena, au mwenye kibanda cha mboga sokoni aliyepanga chumba kimoja nyuma ya maduka. Mtoto akiwa na miaka sita, hakuna anayeuliza lolote. Akifika 13 au 14 maswali huanza shuleni, kanisani, kwa chifu na katika vikao vya ukoo.

Hoja inayobishaniwa ni hii: kwamba msichana aliyebalehe asiachwe kwa nyanya, bali apelekwe shule ya bweni au akabidhiwe jamaa ambaye bado ana nguvu za kumlea. Wanaoiunga mkono huwa wawili: mwalimu wa ushauri nasaha na baba mdogo wa msichana. Wanaoipinga ni mhudumu wa afya ya jamii na nyanya mwenyewe. Sauti hizi zimekusanywa hapa kwa niaba ya pande zao, wala hakuna hata moja iliyo ya mtu fulani. Msichana huulizwa mwisho, au asiulizwe kabisa, ingawa Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine yote katika kila jambo linalomhusu.

Mhudumu wa afya huanzia kwenye mila. Katika boma la Waluo wa zamani, msichana akianza kukua hakulala tena nyumbani kwa mama yake. Alihamia siwindhe, nyumba ya mwanamke mkongwe, akalala huko pamoja na wasichana wenzake. Usiku walisimuliwa hadithi, wakategeana vitendawili, wakafundishwa habari za mwili, za wanaume, za ndoa na za koo ambazo hawangeweza kuoana nazo. "Mnayemwona leo kuwa kikongwe asiyefaa," asema mhudumu, "ndiye aliyekuwa mwalimu wa mambo haya kabla ya shule kujengwa. Msichana kulala kwa dani, yaani nyanya, hakukuwa dalili ya msiba. Ndivyo watoto walivyolelewa."

Mwalimu haikatai historia hiyo, ila anaisoma vingine. Mkongwe wa siwindhe aliitwa pim, na David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wamemweleza kwa kirefu katika kitabu chao cha 1989 kuhusu Siaya. Mara nyingi alikuwa mwanamke aliyetoka nje ya ukoo, aliyekuja kukaa bomani kwa kazi hiyo. Hakuwa mlishaji wala mlipa karo. Wazazi walikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake, na wasichana walikuwa wengi, wakiangaliana. "Sasa mnataka mama mmoja wa miaka 70, katika chumba cha kupanga pale Awendo, awe pim, awe mama, awe baba, na awe mwenye kutafuta pesa," asema mwalimu. "Siwindhe haikumbebesha mtu mzigo huo." Jibu hili lina uzito. Wanaoitaja mila ili kuitetea hali ya leo husahau kwamba mila hiyo ilisimama juu ya boma zima, nalo boma limekwisha kutawanyika.

Kabla ya kuendelea, inafaa kuondoa picha moja iliyozoeleka. Watu wakisikia nyanya na mjukuu katika eneo hili, hufikiria yatima wa UKIMWI. Picha hiyo ina sababu. Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Utafiti wa Erick Otieno Nyambedha na wenzake huko Nyang'oma, Bondo, uliochapishwa 2003, ulionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa amefiwa na angalau mzazi mmoja, na mmoja kati ya tisa amefiwa na wote wawili. Mwaka 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI katika hospitali ya Homa Bay, na miaka iliyofuata dawa zikaenea katika vituo vya serikali. Maambukizi bado ni mengi: uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta VVU kwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na asilimia 13 Migori, ilhali kiwango cha nchi kilikuwa asilimia 4.9. Lakini msichana wa miaka 14 leo alizaliwa dawa zikiwa zimeshafika. Uwezekano kwamba mama yake yu hai, akifanya kazi mbali, ni mkubwa kuliko ilivyokuwa kwa mtoto wa 1999. Na nyanya si lazima awe kikongwe. Aliyezaa akiwa na miaka 17, na bintiye akazaa akiwa na miaka 17, ana mjukuu wa miaka 14 naye hajafika 50. Nusu ya ubishi kuhusu nyanya hawa hutokana na kutouliza umri wao.

Mwalimu basi huacha umri na kushika takwimu. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Homa Bay walikuwa wamewahi kupata mimba, na Migori vivyo hivyo asilimia 23. Wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 15. "Nyanya hajui binti yuko wapi saa mbili usiku," asema. Anataja disko matanga, ngoma za mkesha wa maziko zinazochezwa hadi alfajiri licha ya marufuku za serikali. Anataja mwendesha bodaboda anayembeba msichana bure wiki nzima halafu akadai malipo ya namna nyingine. Anataja ufuo wa ziwa, ambako mfumo wa jaboya huwafanya wanawake wauze miili yao kwa wavuvi ili wapate samaki wa kuuza, na wasichana wakaona biashara hiyo tangu utotoni.

Mhudumu anauliza swali moja: kati ya wasichana hao wa asilimia 23, ni wangapi waliokuwa kwa nyanya na wangapi kwa wazazi? Takwimu za kaunti hazisemi. Zinahesabu wasichana wote, na bodaboda haichagui abiria kwa kuuliza anaishi na nani. Hapa mwalimu amevuka kipimo cha ushahidi wake. Isitoshe, utafiti kama huo wa 2014 uliipa Homa Bay asilimia 33, kwa hiyo kiwango kilishuka kwa alama 10 katika miaka minane bila nyanya kuondolewa mahali pao. Migori ilikuwa asilimia 24, haikusogea sana, na tofauti hiyo kati ya kaunti mbili jirani ingestahili mjadala wake yenyewe.

Ushahidi ulio karibu zaidi na nyumba ya nyanya ni wa fedha. Mpango wa serikali wa kuwasaidia yatima na watoto walio katika hali ngumu ulianza kwa majaribio mwaka 2004. Ulipopimwa kati ya 2007 na 2011, wilaya saba zilichaguliwa, zikiwemo Homa Bay, Migori na Suba. Familia zilipewa shilingi 1,500 kwa mwezi. Watafiti wakiongozwa na Sudhanshu Handa walikuta kwamba vijana katika familia zilizopokea fedha hizo walikuwa na uwezekano mdogo wa kuanza ngono mapema, mdogo kwa asilimia 31 kuliko wenzao, na mimba miongoni mwa wasichana zilipungua kwa alama tano za asilimia. Hakuna aliyewahubiria vijana hao, wala hakuna aliyehamishwa kutoka kwa mlezi wake. Msichana aliyekuwa na sabuni, sodo na chakula cha jioni hakuwa na haja ya kumwomba mwendesha bodaboda.

"Ndiyo," mwalimu ajibu, "lakini ni nani anayezipata?" Swali hilo halina jibu la kufurahisha. Kiwango kilipandishwa kikafika shilingi 2,000 na kimekaa hapo kwa zaidi ya miaka kumi huku bei zikipanda. Fedha za wazee chini ya mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambazo tangu 2018 zinamlenga kila mwenye miaka 70 au zaidi, nazo ni 2,000 kwa mwezi. Nyanya wa miaka 58 hayumo. Shilingi 24,000 kwa mwaka hazifikii karo ya shule nyingi za bweni za umma. Muuzaji wa omena ana shida nyingine juu ya hiyo: uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na kipindi hicho kinaangukia katikati ya kalenda ya shule.

Suala la bweni lenyewe lina kasoro ambayo mwalimu, kwa kazi yake, angepaswa kuwa wa kwanza kuiona. Tangu 2023 darasa la saba hadi la tisa husomwa katika sekondari msingi, zilizowekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi kati ya hizo ni za kutwa. Ni miaka hiyohiyo, 12 hadi 15, ambayo msichana anabadilika na hoja inataka aondolewe. Bweni, kwa wengi, huja baadaye, na huja kwa anayeweza kulilipia. Wala bweni si ngome: Septemba 2017 moto uliwaua wasichana 10 katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Na likizo zikifika, wote hurudi walikotoka. Aliyepelekwa bweni ili aepushwe na nyumba ya nyanya atakaa katika nyumba hiyo likizo zote za mwaka, tena bila mazoea ya kuambiana mambo.

Baba mdogo hajali sana bweni. Hoja yake ni ya ukoo. Mtoto ni wa baba, na baba akifa ni wa ndugu za baba. Kukaa kwa mama mzaa mama ni kuishi ugenini. Utafiti wa Nyang'oma uliotajwa hapo juu uliikuta hisia hii ikiwa hai: asilimia 28 ya yatima walikuwa wakitunzwa na watu ambao mila haikuwatarajia, wakiwemo jamaa wa upande wa mama. "Mama, tunakuheshimu," asema baba mdogo, "lakini huyu ni binti yetu. Akiolewa kutoka kwako, watu watatuuliza tulikuwa wapi."

Nyanya hujibu kwa upole wa mtu anayezungumza na wakwe. "Mkwe wangu, ng'ombe wa mahari mliwaleta?" Kimya hufuata, kwa kuwa kwa mila hiyohiyo anayoitumia baba mdogo, mtoto ambaye mahari ya mama yake haikulipwa hubaki upande wa mama. "Alipougua malaria mwaka ule sikumwona mtu. Alipotakiwa kununuliwa sare sikumwona mtu. Sasa amekuwa msichana mnamwona." Shutuma hii haiwafai baba wadogo wote; wapo wanaolipa karo ya watoto wa ndugu zao mwaka baada ya mwaka bila kutangaza. Lakini wakati wa kudai huwa unasema jambo. Jamaa anayemtaka msichana wa miaka 14 ambaye hakumtaka akiwa na miaka minne, huenda anahitaji mtu wa kumlelea mtoto mchanga mjini, na msichana huyo ataitwa jamaa mbele ya wageni na kufanya kazi ya yaya wageni wakiondoka.

Kuna sehemu ya Migori ambako nyanya hatetewi kwa urahisi namna hii. Katika Kuria Mashariki na Kuria Magharibi, ukeketaji umeendelea ingawa sheria ya 2011 imeupiga marufuku kabisa, na wanawake wazee ni miongoni mwa wanaoushikilia. Msimu wa kukeketa huangukia likizo za shule, hasa ya Desemba. Baadhi ya wasichana huvushwa mpaka hadi upande wa Tarime, Tanzania, na wengine hukimbilia vituo vya uokoaji wakiwa wanawakimbia jamaa zao wenyewe. Kwa msichana wa huko, hoja ya mwalimu ni sahihi bila nyongeza: pale mlezi anapokusudia kumdhuru, aondolewe, na aondolewe kabla ya Desemba. Mhudumu akijaribu kuitetea nyumba ya nyanya kwa jina la mila hapa, ameshindwa. Nyanya wa Isebania, huko Kuria, na nyanya wa Ndhiwa wana cheo kimoja katika familia, lakini hawawezi kuamuliwa kwa kanuni moja.

Msichana anapopewa nafasi ya kusema, huzungumzia mambo ambayo wakubwa hawakuyagusa. Hasemi kwamba nyanya ni mkali au mpole. Anasema anaamka mapema kuteka maji, anaanika omena kabla ya kwenda shule, na jioni anampaka dani dawa ya magoti. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, katika kifungu cha 31, unamtaka mtoto awaheshimu wazee na kuwasaidia wanapohitaji, kwa hiyo kazi hizi si uovu zenyewe. Uovu huanza pale zinapokula saa za masomo. "Dani akilala hospitalini nani atakaa naye?" huuliza. "Na mimi nitakaa na nani?" Kuhusu mwili wake, anasema alipopata hedhi ya kwanza alimwambia rafiki yake, kwa sababu dani angehuzunika kwamba hana pesa ya sodo. Sheria ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2017 inaitaka serikali iwape wanafunzi sodo bila malipo. Shuleni kwake huletwa mihula mingine, mingine hazionekani.

Kuhusu mimba, anasema jambo linalowanyamazisha pande zote. Mwanafunzi mwenzake aliyejifungua amerudi darasani, na amerudi kwa sababu nyanya yake anakaa na mtoto mchana. Sera ya kuwaruhusu wasichana warudi shuleni baada ya kujifungua ipo tangu 1994 na mwongozo wake uliboreshwa 2020, lakini si sera wala mwongozo unaosema nani ambebe mtoto. Ukimwondoa nyanya, sera hiyo inabaki kwenye karatasi.

Hapo pande hukaribiana bila kukubaliana. Mwalimu anakiri kwamba tatizo lake si nyanya bali upweke wa nyanya. Mhudumu anakiri kwamba mapenzi ya nyanya hayamfikishi msichana salama kutoka sokoni saa mbili usiku. Kinachokosekana, wote wanasema, ni mtu mzima wa pili: shangazi wa jirani, mwalimu, mama wa kanisani, mtu ambaye msichana anaweza kumwambia asichoweza kumwambia dani. Kwa miaka kadhaa mpango wa DREAMS, ulioanzishwa kwa fedha za Marekani mwaka 2015 na kuingia Homa Bay miongoni mwa kaunti za mwanzo, uliwapa wasichana mahali pa kukutana na mwanamke wa kuwaongoza. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vikundi vya namna hiyo vikatikisika. Mtu mzima wa pili anayelipwa kutoka Washington anaweza kuondolewa kwa amri ya siku moja. Anayetoka mtaa wa pili haondolewi hivyo.

Linabaki suala la karatasi, na ndilo linaloamua mengi kuliko mila na takwimu. Nyanya anapokwenda kuomba cheti cha kuzaliwa cha mjukuu aliyechelewa kuandikishwa, anaulizwa kitambulisho cha mama au cheti chake cha kifo. Bila cheti cha kuzaliwa, kumsajili mtoto kwa mtihani wa kitaifa ni shida. Anapoomba basari, anaulizwa yeye ni nani kwa mtoto. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kurekebisha malezi unataka watoto walelewe na jamaa badala ya makao ya watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mlezi njia ya kutambuliwa, ikiwemo kuteuliwa na mahakama. Nyanya wengi hawajapita njia hiyo. Wanamlea mtoto ambaye serikali inawasifu kwa kumlea, ilhali ofisi za serikali hiyohiyo haziwatambui.

Kwa hiyo hoja kama ilivyowekwa haisimami. Msichana wa Awendo au Ndhiwa abaki kwa nyanya yake, isipokuwa pale penye dhamira ya kumdhuru au mahali ambapo nyanya hajiwezi tena. Ila abaki kwa masharti: mtu mzima wa pili atajwe kwa jina mbele ya chifu na mwalimu mkuu; mzazi aliye mbali atie sahihi barua ya kumteua mlezi, na atume pesa kwa tarehe inayojulikana; baba mdogo anayedai binti aanze kwa kulipa karo hapo alipo.

Na yule nyanya aandike jambo moja zaidi akiwa bado na nguvu. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi kinamhesabu mjukuu kuwa tegemezi wa marehemu iwapo alikuwa akitunzwa naye hadi kufa kwake, na tegemezi anaweza kwenda mahakamani kudai sehemu yake katika mali. Lakini utunzaji huo hauna budi kuthibitishwa. Barua ya chifu, stakabadhi za karo zenye jina la nyanya na wosia wa ukurasa mmoja vinatosha kumpa msichana pa kuanzia siku ambayo wajomba watakuja kupima shamba.